Nilidhani Nasugua Uchafu

Sogea kidogo hapo kwenye benchi, jirani, nikae pembeni. Polepole. Mgongo huu. Magoti haya. Na hivi vidole viwili, hebu viangalie, tangu Jumapili ya juzi havijakunjika. Kuhusu gari usiniulize. Nitakusimulia mwenyewe, maana usiposikia kwangu utasikia kwa watu, na watu wa mtaa huu wana mkono mzito kwenye chumvi.

Wewe lile gari langu unalijua. Harrier. Ile iliyoanza kutoka Japani mwaka 2003, ambayo Bongo nzima tunaiita tako la nyani kwa namna ilivyokaa huko nyuma. Jina hilo sikulipenda hata siku moja. Ila gari nililipenda, na nililipenda kwa kitu kimoja tu. Siti za ngozi. Rangi ya krimu. Siku ya kununua dalali hakufungua boneti, hakuwasha redio. Alifungua mlango, akapitisha kiganja ubavuni mwa kiti, taratibu, kama anampapasa ng'ombe wa mahari, akasema, “Leza tupu hii, kaka.” Basi. Mimi nikalegea. Ile karatasi ya mnada ya Kijapani niliishika juu chini. Katikati ya vile vichoro vyao nikaona herufi moja ninayoijua, B, ya hali ya ndani ya gari. Nikauliza B maana yake nini. Akasema B ni Bora. Nikalipa.

Kumbe wanaanzia A.

Miaka miwili nimetamba na ule ubavu. Mgeni akipanda, hata mkanda hajafunga, mimi tayari nimepitisha kiganja pale pale alipopitisha dalali. “Leza hiyo, shem.” Ushike huo ubavu, jirani, tutaurudia.

Sasa mtu mwenye watoto watatu, anakaa Mbagala, vumbi mwaka mzima, anunue siti za krimu! Ungekuwa ndugu yangu ungenizuia. Hukunizuia. Ulikunywa soda yangu siku nilipolileta.

Wa kwanza kuharibu ni ubuyu. Wanangu wanakula ule wa Zanzibar, mwekundu, ambao ukishika ulimi hauachii mpaka kesho. Siti ya nyuma kushoto ikawa kama pametokea ajali. Ikaja jinzi mpya ya Rama. Jinzi imetoa buluu, siti imepokea. Ikaja biki. Binti yangu wa mwisho kajifunza kuandika jina lake, na daftari kalisahau nyumbani. Pa kuegemeza kichwa, mafuta ya nywele ya Mama Rama, duara jeusi linang'aa kama tako la sufuria. Siti ya dereva ni yangu, hiyo siwezi kumsingizia mtu. Jasho. Foleni ya Kilwa Road, AC imekufa, shati limelowa, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Mgongo wangu ulikuwa umejichora pale mzima mzima. Ningefia mbali, mngeizika ile siti na hakuna ambaye angelalamika.

Halafu mama mkwe. Mama mkwe wangu namheshimu, nalisema hilo kwanza. Alitaka apelekwe Feri alfajiri, wakati boti zinaingia. Nikampeleka. Akanunua vibua, ndoo nzima. Nikasema mama, ndoo tuiweke kwenye buti. Akasema buti lina joto, samaki wake wataharibika. Ikapanda siti ya nyuma kama abiria. Tumefika Mtongani nikaruka tuta moja. Moja tu! Maji ya samaki yakatoka kwenye ndoo, yakatua kwenye siti, yakautafuta mshono, yakazama. Mama mkwe akanitazama kwenye kioo. “Baba Rama, endesha kama umebeba watu.” Nikasema samahani mama. Tangu siku hiyo paka wa mtaa mzima wanalala chini ya gari langu.

Miezi ikapita, pua zikazoea. Mpaka kamati ya harusi ya shemeji yangu, mdogo wake Mama Rama, ilipokaa. Mimi kwenye kikao sikuwepo. Nikaletewa matokeo tu: gari la bibi harusi ni la Baba Rama, Jumamosi. Gari la bibi harusi! Nikafurahi kama dakika nne. Dakika ya tano nikalikumbuka gauni. Jeupe. La kukodi.

Nikaenda kwa vijana wa kuosha magari. Kijana akafungua mlango, akafunga. Akafungua tena, akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita wa tatu. Wakasimama pale wamefunga mikono kama wamekuta maiti. “Boss, hizi siti ni kazi maalumu. Zote laki moja.” Laki moja! Kuosha siti! Nikamwuliza kwani unazipeleka kuoshwa Japani? Akasema kuna dawa yake. Nikacheka kwa sauti, wote wasikie. Mtu mzima, nina maji, nina sabuni, nina mikono miwili, nitoe laki?

Nikaja hapa hapa kijiweni kuuliza, na wewe ulikuwepo, usijifanye unaangalia simu. Mmoja akasema petroli. Mmoja dawa ya meno. Mzee wa kahawa akasema ganda la ndizi, upande wa ndani. Yule dogo wa bodaboda, ambaye siti yake mwenyewe imechanika na kufungwa na mfuko wa rambo, akasema jiki. Wewe ulisema sabuni ya unga na maji ya moto. Nakukumbusha tu. Sikudai.

Jumapili asubuhi nikajifunga kikoi. Ndoo ya maji ya moto. Sabuni ya unga sikupima, nilimimina mpaka roho ikaridhika. Jiki kifuniko kimoja, nisimvunje moyo dogo. Nikawasha swichi nisikilize mpira redioni, kisha nikaitoa siti ya dereva, spana namba 14, bolti nne. Chini yake nikakuta mbegu za ubuyu, kiberiti, shilingi mia mbili, na ripoti ya Rama ya muhula ule aliosema shule haikutoa ripoti. Na soketi moja ya njano imeng'ang'ania. Nikaichomoa. Soketi ni soketi.

Katikati ya siti pana vitundu vidogo vidogo, vimepangwa safu kwa safu. Nikajisemea, ona Wajapani walivyo na akili, wameweka pa kupitishia maji. Nikamwaga.

Nikaanza na dodoki. Uchafu ukanitazama tu. Nikaingia jikoni, nikaiba stiliwaya ya masufuria. Hapo mambo yakakubali. Jirani, povu likageuka rangi! Krimu nzito, kama chai ya maziwa ya mama ntilie. Nikawaita watoto. “Njooni muone uchafu mliokuwa mnaukalia!” Wakaja, wakajipanga. Mama Rama akaja na kanga begani, akachungulia ndoo, akaguna. Nikawaonyesha kwa kidole kama mwalimu wa sayansi. Kadiri ninavyosugua ndivyo unavyotoka, na kadiri unavyotoka ndivyo ninavyosugua. Nikamwaga ndoo, nikajaza nyingine. Rama akasema, “Baba, mbona uchafu una rangi ya siti?” Nikamwambia aondoke pale, na kama ana ripoti nyingine aliyoificha ailete.

Ila ule ubavu, ubavu wa dalali, sikuugusa kwa stiliwaya. Ningeanzaje? Ule niliufuta kwa kitambaa laini, maji ya uvuguvugu, kama namwogesha kichanga. Leza tupu.

Bolti nne zilitoka, nne zikarudi, hilo nisifiwe. Na soketi nikairudisha. Jumatatu nikaliacha gari juani, milango wazi. Jua la Dar unalijua. Jioni nikakaa, siti ikalia kraa. Imekakamaa kama ng'onda. Mabaka matupu: hapa krimu, hapa kijivu, na ubuyu upo pale pale, umetulia, unanitazama. Kilikuwa kimetoka kila kitu isipokuwa uchafu. Na wale vibua ambao pua zilishawasahau, maji ya moto yamewaamsha, wamerudi ndoo nzima. Nikawasha gari. Kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu, picha ya mtu amekaa, mbele yake duara kubwa. Mama Rama akachungulia. “Gari lina mimba?”

Sikujibu. Mimi mwenyewe nilikuwa najiuliza hivyo hivyo.

Jumanne na Jumatano nilipanda daladala. Alhamisi usiku nikapata akili. Usicheke. Nikajiuliza, ngozi ya kiatu ikichakaa tunafanyaje? Tunapiga kiwi. Na siti si ngozi? Siti si kiatu kikubwa tu, kinavaliwa na upande mwingine? Nikaenda kwa mangi. Ya krimu hakuna, kuna nyeusi na ya kahawia. Nikachukua ya kahawia, makopo matatu. Mangi akaniuliza, “Umeajiriwa jeshini?” Nikapaka kwa taa ya simu mpaka saa sita usiku. Nikapiga brashi. Zikang'aa, jirani! Unajiona uso. Nikalala na tabasamu.

Ijumaa nikavaa kanzu. Ile nyeupe ya Idi, Mama Rama kaipiga pasi mpaka inasimama yenyewe. Nikaendesha mpaka msikitini kwa madaha, kioo nimeshusha, Rama pembeni. Nikawahi, nikapata safu ya kwanza. Nyuma yangu safu nyingi. Tuliporukuu nikasikia mtu nyuma kakohoa. Tuliposujudu akakohoa wa pili, na wa tatu. Nikasema moyoni mafua yameingia mtaani. Sala imeisha, watu wananipa mkono haraka haraka, usoni hawanitazami. Wananipisha. Njia pana kabisa! Nikadhani ni heshima ya Harrier.

Mzee mmoja, mtu wa watu, akanishika kiwiko, akanivuta pembeni kule penye viatu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mwanangu, tumbo limekuanza lini?”

“Tumbo?”

“Usione haya. Linampata kila mtu. Majani ya mpera, unachemsha, unakunywa asubuhi na jioni.”

Nikageuza shingo. Shingo ya mwanadamu haifiki huko, lakini siku ile yangu ilifika. Mabaka mawili. Kahawia. Ya mviringo, yamekaa sawasawa, kulia na kushoto, kama yamepimwa na fundi cherehani. Gari tako la nyani, na mwenye gari tako la nyani.

Ningesemaje? Niseme ni kiwi? Nani hapa duniani amewahi kupiga kiwi huko? Nikasema, “Ahsante mzee, nitachemsha.” Nikaenda mpaka kwenye gari kinyumenyume, natabasamu, nawapungia watu mkono. Rama alikuwa ananisubiri. Alikuwa ameswali safu ya nyuma yangu. Nikamwuliza mbona hukunishtua? Akasema kwenye sala haturuhusiwi kuongea.

Tukaenda moja kwa moja Gerezani kwa fundi siti, mimi nimejifunga kiunoni taulo la kufutia vioo. Fundi mwenyewe kijana mdogo, ana miwani, anaongea taratibu kama daktari ambaye ameshajua mgonjwa hana bima. Akanusa. Akapapasa. Akatazama kidole chake kilivyokuwa cha kahawia. “Mzee, ulikuwa unaosha au unamenya?”

Akanifundisha. Ngozi ya gari, anasema, siyo ngozi ya kiatu. Kiatu kinakunywa kiwi. Siti nyingi za siku hizi juu ya ngozi zimepakwa rangi, na juu ya rangi kuna tabaka jembamba la plastiki la kuilinda. Uchafu mwingi unakaa juu ya hilo tabaka. Juu juu tu, unasubiri kitambaa! Mimi nikampitiliza mlinzi, nikapitiliza rangi, nikafika kwa ng'ombe. Ile kijivu ndiyo ngozi yenyewe. Na ile chai ya maziwa niliyowaitia wanangu waione, ile niliyoisimamia kwa kidole, ilikuwa rangi ya siti naimwaga mtaroni kwa ndoo.

“Uliweka sabuni gani?”

“Ya unga.”

Akafumba macho. Akasema ngozi inapenda uchachu kidogo, kwenye mizani ya pH ni huko kwenye 5. Sabuni ya unga iko huko kwenye 10. Nikasema basi tofauti ni tano tu, si mbaya. Rama yuko kidato cha nne, na tangu tutoke msikitini alikuwa hajafungua mdomo. Akaufungua. “Baba, kila namba ni mara kumi. Kutoka 5 mpaka 10 ni mara laki moja.”

Laki moja! Nimeikimbia laki moja kwa waosha magari, nikaikuta ndani ya ndoo yangu.

Fundi akaanza kazi, nikasimama na taulo langu natazama. Kwanza akavuta mchanga wote kwa mashine, mpaka ndani ya mishono, maana mchanga ukiusugua umegeuka msasa. Akachukua dawa ya ngozi, akaitia kwenye brashi laini. Kwenye brashi, siyo kwenye siti. Povu tu, maji hakuna. Akakamata kipande cha ukubwa wa kiganja, akazungusha kama anambembeleza mtu alale, akafuta kabla povu halijakauka, akahamia kipande cha pili. Hakutoa jasho. Kitambaa kikatoka cheusi! Na kiwi yangu ikatoka, na mgongo wangu wa Kilwa Road ukatoka, kwa mtu ambaye hata mikono ya shati hakukunja. Kisha gari kivulini, milango wazi, siyo juani. Kisha losheni. Siti zinapakwa losheni, jirani. Mimi mwenyewe sijapaka losheni tangu Idi.

Buluu ya jinzi ikapungua. Ubuyu ukabaki kivuli. Jina la binti yangu lipo mpaka leo, anasema wino wa biki ukishazama ndani ya ngozi huutoi, unaupakia rangi juu. Ameandika vizuri lakini, herufi zimekaa kwenye mstari.

Ile taa ya mimba nayo ikapata maelezo. Kumbe ndani ya siti, kwenye pembe ya mgongo, mna mfuko wa hewa wa kukuokoa ukigongwa ubavuni. Soketi ya njano ndiyo yake, na imetiwa njano makusudi ili mtu wa aina yangu aogope. Unachomoa betri kwanza, unasubiri, ndiyo unaigusa. Nikamwambia mimi niliichomoa nasikiliza mpira. Fundi akavua miwani, akaipangusa muda mrefu sana. Kuifuta taa hiyo kunataka mashine, na mwenye mashine Ijumaa jioni ameshafunga.

Nikaona nijiokolee hata heshima kidogo. Nikasema, “Lakini fundi, ubavu niliutunza. Huo sikuuharibu.” Nikapitisha kiganja, taratibu, kama kawaida yangu. Fundi akainama chini ya siti, akachomoa pindo, akanigeuzia upande wa nyuma. Kitambaa cha kufumwa, kama ndani ya begi la shule. “Hii reksini, mzee.” Akageuza na pindo la pale pa kukalia. Nyuzinyuzi, manyoyamanyoya, kama nyuma ya mkanda wa suruali. “Ngozi ni hapa unapokaa na hapa unapoegemea. Ubavuni na nyuma ya siti wanaweka reksini kupunguza gharama. Magari mengi yako hivyo.”

Kwa hiyo ngozi nimeichuna kwa stiliwaya, na plastiki nimeiogesha kama kichanga. Miaka miwili nawapapasia wageni plastiki! Bosi wangu nimempapasia. Shehe nimempapasia.

Kurudisha rangi, laki tatu na siku tatu. Harusi kesho. Nikalipia usafi tu, na sponji ya siti ya nyuma akaitoa akaiosha kwa maji na siki kwa ajili ya vibua, ikalala na feni usiku kucha. Jumla laki moja. Sikucheka safari hii.

Jumamosi tukatandika shuka letu jeupe la kitandani. Bibi harusi akakaa, gauni salama. Mama mkwe akapanda pembeni yake, kajifukiza udi mpaka kope. Mama Rama mbele. Tukatoka kwa honi na vigelegele. Tumefika Mtongani, lile tuta. Nikalipanda kwa kunyata, nikalishuka kwa kunyata. Mama mkwe akavuta pua. Akavuta tena.

“Baba Rama.”

“Naam, mama.”

“Hili gari mnabebea samaki?”

Mama Rama akageukia dirishani. Bibi harusi akashusha shela. Kwenye dashibodi taa ya mimba inawaka, inanitazama mimi peke yangu.

“Ndiyo, mama. Samahani.”

“Na siki mmemwaga! Harufu ya samaki dawa yake ndimu, hata mtoto mdogo anajua.” Akafungua kioo. “Na kanyaga mafuta basi, umebeba harusi, hukubeba mayai.”